Mabaki ya Vita Kuu ya Kwanza kwenye Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Mgeni anayefikia katika nyumba ya wageni ya kijijini, karibu na Kigoma, huvutwa kwanza na ziwa lenyewe: fukwe za mchanga, taa za wavuvi wa dagaa usiku wa giza, na hifadhi ya Gombe upande wa kaskazini, ambako utafiti mashuhuri wa sokwe ulianza mwaka 1960. Lakini mwambao huo ulikuwa uwanja wa vita kuanzia 1914 hadi 1916. Makala haya yanaeleza mahali vita hivyo vilipoacha alama, pamoja na alama ambazo jicho peke yake haliwezi kuziona.

Alama ya kwanza ni stesheni ya Kigoma, iliyojengwa na Wajerumani. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika ziwani mwaka 1914, na kwa reli hiyo vililetwa vipande vya meli Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, kisha ikafumuliwa na kufungwa katika maelfu ya makasha. Iliungwa upya Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Julai 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipokaribia, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa Mto Malagarasi, baada ya kuipaka mitambo yake mafuta mazito isiliwe na kutu. Iliopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Ng'ambo ya pili, katika Kongo, iko Kalemie, ambayo zamani iliitwa Albertville. Agosti 1914 meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann iliishambulia meli ya Kibelgiji Alexandre Delcommune kwenye pwani ya Kongo, na Wajerumani wakawa mabwana wa ziwa. Ili kuwaondoa, Waingereza walileta mashua mbili za kivita, Mimi na Toutou. Zilipita Cape Town, zikafika Fungurume kwa treni. Kutoka hapo zilikokotwa katika milima ya Mitumba hadi Sankisia, zikaendelea kwa reli mpaka Bukama, zikateremka Lualaba hadi Kabalo, kisha zikapanda treni tena mpaka ziwani. Desemba 1915 zilishushwa majini. Tarehe 26 ya mwezi huo ziliiteka Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa.

Msomaji ataona kwamba habari hizi zote ni za chuma: reli, meli, mizinga. Je, ni nani waliokata miti, wakajenga madaraja na kukokota mashua hizo milimani? Pamoja na mitambo ya mvuke na maksai, walikuwa mamia ya watu wa Katanga. Na jeshi la Kongo, Force Publique, lilipouteka mji wa Tabora Septemba 1916, lilikuwa limelishwa kwa migongo ya wapagazi. Katika vita hivyo Wabelgiji waliwatumia wapagazi zaidi ya 200,000, na wengi wao hawakurudi makwao.

Hapo ndipo Ujiji, jirani na Kigoma, inapopata maana nyingine. Wageni huenda huko kuona ukumbusho wa mkutano wa Livingstone na Stanley wa mwaka 1871. Hata hivyo, Ujiji ilikuwa pia kituo cha mwisho cha njia kuu ya misafara kutoka pwani. Katika misafara hiyo Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi wa ujira, wenye kujadili malipo na hata kugoma. Vita viliigeuza kazi hiyo kuwa shuruti.

Chuma na mawe hudumu, bali njia ya miguu huota majani. Kumbukumbu ya wapagazi imehifadhiwa zaidi na lugha. Mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, umepata jina lake kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Kariokor ya Nairobi ni vivyo hivyo. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiswahili anayezuru mwambao huu asitosheke na picha ya stesheni. Aulize wenyeji majina ya vilima, ya vijia na ya vivuko, na sababu ya majina hayo, kisha ayaandike. Walioshuhudia vita wamekwisha kufa. Wajukuu na vitukuu wao bado wanaweza kuulizwa.