Utosi Kwanza, Mashavu Baadaye

Mteja akivaa helmeti ya uso mzima kwa mara ya kwanza, kauli inayomtoka huwa ile ile: "Kaka, hii inanibana mashavu, nipe kubwa yake." Muuzaji asiyeijua kazi yake humpa. Mteja anatikisa kichwa, anaona raha, analipa. Amenunua helmeti ambayo siku akirushwa na baiskeli kwenye mteremko wa mawe itazunguka, imfunike macho, au imwache paji la uso likiwa wazi. Mashavu ndiyo yaliyomdanganya, na makala hii karibu yote inahusu namna ya kutowasikiliza mashahidi hao mpaka zamu yao ifike.

Helmeti ninazozizungumzia ni zile zenye upinde wa kukinga kidevu, zinazovaliwa na waendesha baiskeli za milimani wanaoteremka kwa kasi. Katika mashindano ya kuteremka yanayosimamiwa na UCI, shirikisho la dunia la mchezo wa baiskeli, huruhusiwi kushiriki bila hiyo. Ndiyo aliyovaa Greg Minnaar wa Afrika Kusini mwaka 2013 alipotwaa ubingwa wa dunia kwao Pietermaritzburg, mbele ya watu wa mji wake.

Ipasue kwa macho uone ndani. Nje kuna ganda la plastiki, faibaglasi au kaboni. Chini yake kuna povu gumu la EPS, jamaa wa lile linalofungiwa televisheni mpya kwenye boksi. Povu hilo ndilo linaloumia kwa niaba ya fuvu: hupondeka, na katika kupondeka huko hula nguvu ya pigo. Ndani kabisa kuna sponji laini unayoihisi kichwani. Sponji haizuii pigo kubwa. Kazi yake ni kulishika povu mahali pake. Palipo na nafasi tupu kati ya kichwa na povu, kichwa husafiri kwanza ndipo kigonge, na helmeti hupata muda wa kugeuka.

Kupima ni rahisi. Chukua futi ya fundi cherehani, izungushe juu kidogo ya nyusi, ipite juu ya masikio hadi pale kisogo kilipochomoza zaidi. Sentimita unazopata zilinganishe na jedwali la mtengenezaji husika, si la jirani yake, maana sentimita 57 kwa mmoja ni M na kwa mwingine ni S. Ukiangukia katikati ya saizi mbili, anza na ndogo.

Tatizo ni kwamba futi inapima mzingo tu, haijui umbo. Chukua watu wawili wenye sentimita 58. Mmoja ana komwe mbele na kichogo nyuma, kichwa chake kimerefuka. Mwingine ana kichwa cha mviringo, kipana kwenye panda za uso. Wote wawili jedwali litawaambia wavae M ya kampuni ile ile, na mmoja wao atajuta. Mwenye komwe na kichogo akivaa helmeti ya mviringo, itamchoma katikati ya paji la uso huku pembeni, juu ya masikio, kidole kikiingia bila shida. Mwenye kichwa cha mviringo akivaa helmeti ndefu, itambana kwenye panda za uso na kucheza mbele na nyuma. Hakuna saizi ya kuwatibu hao. Kupanda saizi kunaondoa maumivu na kuacha mwanya. Dawa yao ni kujaribu kampuni nyingine, kwa kuwa kila mtengenezaji ana kalibu yake.

Kwa hiyo mimi huanza kwa kung'oa sponji za mashavu. Katika helmeti nyingi hushikwa kwa vifungo vidogo vya kubana, na hutoka kwa kuvutwa. Sasa ivae. Ukingo wa mbele uwe juu ya nyusi kwa kadiri ya upana wa vidole viwili. Usifunge ukanda. Tikisa kichwa kama unayekataa, kisha kama unayekubali. Ikitulia yenyewe, imeshikwa na utosi, paji na kisogo kwa pamoja bila sehemu moja kubeba mzigo wote, saizi na umbo ni vyako. Ikicheza, irudishe, hata kama ukizirudisha sponji itaonekana kutulia. Hapo ndipo wengi hunaswa: mashavu yaliyobanwa vizuri huficha utosi unaoelea.

Rudisha sponji. Sasa mashavu yana haki ya kusema, nayo yanapaswa kulalamika kidogo. Jaribu kutafuna, meno yakigusa nyama ya ndani ya shavu, uko sawa. Shika upinde wa kidevu, uusukume kushoto na kulia huku ukijitazama kwenye kioo. Usilitazame ganda, itazame ngozi: ya mashavu na ya paji la uso lazima ifuatane na helmeti. Nasisitiza ngozi kwa sababu helmeti nyingi siku hizi zina MIPS, tabaka jembamba lililobuniwa Sweden, mara nyingi la njano, linaloiachia helmeti iteleze milimita 10 hadi 15 juu ya kichwa ili kupunguza msokoto unaofika kwenye ubongo. Mtelezo huo mdogo si ulegevu.

Kisha sukuma upinde kuja usoni. Upinde usiguse kidevu wala pua. Funga ukanda, mwombe mwenzako aweke mkono nyuma, chini ya kisogo, ajaribu kuipindua helmeti kuelekea mbele. Ikivuka macho, haikufai. Maabara hufanya jaribio la namna hii kabla ya kuidhinisha helmeti, ila wao hutumia kichwa cha bandia, si chako.

Baada ya hapo kaa nayo dukani dakika 15. Muuzaji atanuna, mwache anune. Maumivu ya umbo lisilofaa huja polepole, na ukiivua utaona alama nyekundu mahali pamoja. Tumia muda huo kuvaa miwani yako ya kuzuia vumbi na kuinama kama uliye juu ya baiskeli, magoti yamekunjwa, macho mbele. Kuna helmeti iliyotulia ukiwa umesimama wima, lakini ukiinama ukingo wake wa nyuma unagonga mgongo na kuisukuma mbele, miwani inakandamiza pua.

Nywele pia zina neno. Twende kilioni hulala vizuri chini ya helmeti. Fundo la rasta utosini huiinua yote na kuacha nafasi ile ile tunayoikimbia, lishushe shingoni. Pima kichwa kikiwa katika hali utakayoendeshea, na ukinyoa baada ya miezi ya kusuka, rudia jaribio upya, maana helmeti iliyokuwa yako huenda sasa ni kubwa. Sponji nazo hunywea kwa jasho na matumizi, hasa za mashavu. Watengenezaji wengi huuza nene zaidi za kubadilishia. Zinarekebisha mashavu, hazirekebishi utosi.

Ukinunua mtumba, geuza helmeti usome lebo. ASTM F1952 ni kiwango cha Marekani kilichoandikwa mahsusi kwa baiskeli za kuteremka, na hupima hata upinde wa kidevu. EN 1078 ya Ulaya ni ya helmeti za baiskeli kwa ujumla na upinde huo haiupimi. Usiichukue yoyote kati ya hizo kwa ajili ya bodaboda, hata sura zikifanana. Haikupimwa kwa ajali ya pikipiki. Inua sponji ukague povu. Lenye ufa au lililobonyea limekwisha fanya kazi yake kwa mwenye nalo wa kwanza.

Jambo la mwisho ni la wenzako wa safari. Helmeti inayokaa inavyopaswa haivuliki kirahisi, na majeruhi wa shingo hafai kuvutwa kichwa. Kama anapumua vizuri, mwacheni nayo mpaka waje waliofunzwa. Baadhi ya helmeti zina vitanzi, mara nyingi vyekundu, vya kuchomolea sponji za mashavu kwa chini ili iliyobaki itoke bila kumtikisa. Waonyeshe vilipo kabla hamjaanza kupanda.