Nyumba ya Vioo kwa Mnyama wa Shimoni

Moja ya nyumba za mwanzo ambazo binadamu aliwapa mababu wa hamsta wa dhahabu wa leo ilikuwa ya mbao, na haikuwaweka. Mwaka 1930 mtaalamu wa wanyama Israel Aharoni alifukulisha shimo shambani karibu na Aleppo, Syria, akapata mama na vitoto vyake, na vitoto vikapelekwa Chuo Kikuu cha Kiebrania, Yerusalemu. Huko baadhi yao walizitafuna mbao wakatoroka. Waliobaki walizaana, na karibu kila hamsta wa dhahabu anayefugwa leo, awe Berlin au Toronto, anatoka katika ukoo huo. Ugomvi na kazi ya seremala, kwa hiyo, ni wa tangu mababu.

Kioo hakitafuniki, na hiyo ni sifa ya kweli ya terariamu, yaani tangi la vioo la kufugia wanyama. Lakini mteja haingii dukani akiwaza meno. Anachouziwa ni uwazi: utamwona mnyama wako pande zote nne, hakuna nondo za kuzuia macho. Mzazi analipa, mtoto anafurahi, na hamsta hajaulizwa.

Angeulizwa, angesema hataki kuonekana. Rolf Gattermann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Halle, Ujerumani, waliochunguza hamsta wa mwituni kule Syria, walikuta mashimo yenye kina cha wastani cha sentimita 65, mengine yakizidi mita moja. Kila shimo lilikuwa na mkazi mzima mmoja tu. Hamsta wa dhahabu hapendi jirani, sembuse mwenza wa chumba. Mnyama wa namna hiyo hana haja ya sebule. Anataka udongo juu ya kichwa chake.

Mwaka 2006 watafiti wa Uswisi walichapisha jaribio la wazi kabisa kuhusu jambo hili. Waliwagawa hamsta wa dhahabu makundi matatu: kundi moja likapewa matandiko ya kina cha sentimita 10, la pili 40, la tatu 80. Wote walikuwa na gurudumu la kukimbilia. Wale wa sentimita 10 walitafuna nyaya za tundu na kukimbia kwenye gurudumu zaidi kuliko wengine. Wa sentimita 80 hawakuonekana wakitafuna nyaya hata mara moja. Ule mchezo wa kung'ata nyaya usiku kucha, ambao wenye nyumba huudhani ni uchangamfu, hupungua mnyama akipata pa kuchimba.

Kwa kipimo hicho, kazi ya kioo ni kuzuia matandiko ya maranda yasimwagike. Tundu la kawaida la nyaya lina trei ya plastiki isiyo na kina. Jaza zaidi ya hapo na asubuhi utayakuta yote kwenye zulia. Kioo kinabeba sentimita 25 au 30 bila malalamiko. Maranda matupu huporomoka, kwa hiyo huchanganywa na nyasi kavu, yakashindiliwa kidogo ili njia za chini zisimame. Ukishafanya hivyo vizuri, mnyama uliyemnunulia nyumba ya kumtazamia utamwona mara chache zaidi. Wengine wanadai ni hasara.

Hapa terariamu yenyewe inaanza kumsaliti mnunuzi. Nyingi zinazouzwa zimetengenezwa kwa ajili ya mijusi na nyoka, zenye milango ya vioo vya kusukuma upande wa mbele. Mlango wa mbele una faida: mkono unaingia kwa ubavu, haushuki kutoka juu kama mwewe, na hamsta ni mnyama aliyeumbwa kumwogopa mwewe. Ila kizingiti chini ya mlango huo mara nyingi ni kifupi mno, pengine hakifiki upana wa kiganja, na kina cha maranda hakiwezi kuzidi kizingiti. Reli za milango nazo hujaa vumbi la mbao zikagoma. Ukimkuta fundi wa vioo anayekubali kuongeza kizingiti hadi sentimita 25, na kutoboa nafasi za hewa zilizozibwa kwa wavu wa chuma, mpe kazi. Ukimkosa, tangi la samaki lililo wazi juu lote, likifunikwa kwa wavu wa chuma wala si kwa kioo, linatosha.

Hewa ndiyo hoja ya wanaopinga vioo, na hawakosei wakikuta kifuniko kisichopitisha hewa: unyevu na harufu ya mkojo hubaki ndani. Juu pakiwa wavu mtupu na kona ya choo ikisafishwa, hoja hiyo inapoteza nguvu. Jua ni adui mkubwa zaidi. Tangi likiwekwa dirishani hugeuka jiko, na hamsta hana pa kukimbilia.

Kuhusu ukubwa, chama cha madaktari wa mifugo wa Ujerumani kinachoshughulikia ustawi wa wanyama kinapendekeza angalau sentimita 100 kwa 50, na kimo cha 50. Kwa kioo cha milimita 6, chombo hicho kina uzito wa kilo 30 hivi kabla hujatia chochote, basi meza iwe meza kweli. Kimo nacho kina hesabu yake: gurudumu la hamsta wa dhahabu lina kipenyo cha sentimita 28 au zaidi, na likikaa juu ya maranda ya 25 litagonga kifuniko. Dawa ni kurundika matandiko upande mmoja na kuliweka gurudumu upande wa pili, juu ya kibao chenye miguu, lisije likaangukia njia za mwenyewe.

Wafugaji wa Ulaya walilaza chali kabati la vioo la IKEA liitwalo Detolf, lililokusudiwa kuonyeshea vinyago, wakapata sakafu ya sentimita 163 kwa 43. Sakafu nzuri, kimo ni 37 tu, na wengi waliishia kujenga kifuniko kirefu juu yake.

Kama pesa ni kidogo, ulizia tangi kuukuu la samaki lenye urefu wa mita moja, ambalo gundi yake imechoka na linavuja lakini vioo vyake havina ufa. Muuzaji atakuomba radhi kwa ule uvujaji. Kubali radhi, na umwombe apunguze bei.