Saa ya zamani: Usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Kuna vijana wengi wa mjini ambao siku hizi wamezirudia saa za mkono za enzi za babu zao. Simu humweleza mtu saa barabara, lakini haina fahari ya saa ya chuma iliyofanya kazi miaka arubaini na ingali inatembea. Walaghai nao wamepata mwanya. Mwanafunzi aliyedunduiza akiba yake kwa miezi kadhaa huuziwa saa iliyopakwa rangi juzi, akarudi nyumbani akijigamba kwamba amepata kitu cha mwaka 1970.

Je, mtu asiye na fedha nyingi aweza kupata saa halisi ya kale? Naam, mradi asikimbilie majina makubwa. Rolex inayouzwa kwa bei ya viatu si Rolex. Mwenye mfuko mwepesi na aanze na saa zilizoundwa tangu hapo kwa ajili ya watu wa kawaida. Mfano mzuri ni Seiko 5 ya Japani, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1963. Haitumii betri, hujijaza yenyewe mkono unapotikisika. Ziliundwa kwa wingi mno, ndiyo maana zingali zinapatikana pamoja na vipuri vyake.

Soma mgongo wa saa

Igeuze saa utazame mfuniko wa nyuma. Utaona mafungu mawili ya namba. La kwanza lina tarakimu nne, kistari, kisha nne nyingine. Nne za mwanzo ndizo namba ya mtambo ulio ndani.

Fungu la pili hueleza tarehe ya kuundwa. Tarakimu ya kwanza ni ile ya mwisho wa mwaka, na ya pili ni mwezi. Namba ikianza na 34, saa iliundwa Aprili ya mwaka unaoishia na 3: huenda ni 1973, 1983 au 1993. Hapo mtambo ndio utakaoamua. Mtambo wa 6119 ni wa mwishoni mwa miaka ya 1960 na miaka ya 1970, ilhali 7S26 ulianza mwaka 1996. Basi ukiambiwa kwamba saa yenye 7S26 ni ya mwaka 1973, aga uende zako.

Kisha tazama maandishi madogo sana chini ya uso wa saa, karibu na 6. Kwa kawaida namba nne za mwanzo hapo hulingana na zile za mgongoni. Zikitofautiana, huenda saa imeunganishwa kwa mabaki ya saa nyingine.

Jihadhari pia na uso unaometameta kama mpya, wenye maandishi mazito au yaliyopinda. Nyingi za namna hiyo hutoka India, ambako mafundi hupaka upya nyuso zilizochakaa. Saa yenyewe yaweza kutembea vizuri, lakini usiilipie bei ya saa ya asili. Doa dogo au mkwaruzo si aibu kwa saa ya miaka hamsini.

Kabla ya kutoa pesa

Itikise taratibu, kisha utazame mshale wa sekunde. Wapaswa kuteleza kwa hatua ndogo ndogo. Ukiruka mara moja kila sekunde, ndani mna mtambo wa betri. Ilinganishe na simu yako, ungoje angalau dakika kumi. Badilisha siku na tarehe uone kama zinakubali. Omba ifunguliwe mbele ya fundi ili utazame kutu. Mwuzaji akikataa katakata, mwachie saa yake.

Usimalize fedha zote kwa kununua. Tenga fungu la fundi, kwa sababu mafuta ya ndani hukauka na vyuma vikaanza kusagana. Mpira wa kuzuia maji nao huzeeka, kwa hivyo usiogelee na saa hiyo hata kama imeandikwa kwamba haiingii maji.

Jambo jingine ni la usalama. Baadhi ya saa za kabla ya miaka ya 1970 zilipakwa rangi ya radiamu ili zing'ae gizani. Hata kama mng'ao umekwisha, miali yake yenye madhara ingalipo. Usizifungue kwa kisu nyumbani, hasa penye watoto.

Mwisho, kabla ya kwenda sokoni, uliza nyumbani kwanza. Saa ya baba au ya babu iliyosimama sandukuni huenda inahitaji kusafishwa na kutiwa mafuta tu. Muulize mwenyewe aliinunua wapi na mwaka gani, uandike majibu yake angali yupo wa kukueleza.