Laser na jeni: kuko tumaini gani kwa watoto wa SS?

Lubumbashi – Mzazi mwenye mtoto wa SS, ugonjwa ule waganga wanaita drepanositozi, anaijua njia ya lopitali: mifupa inauma usiku, kutafuta damu, kulipa, kurudi nyumbani, kungojea krizi ingine. Chanzo ni kosa moja dogo ndani ya jeni ya damu, ambalo mtoto alirithi kwa baba na kwa mama pia.

Kurekebisha jeni kumeshaanza. Mwisho wa 2023, Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba iitwayo Casgevy: chembe zinazozaa damu zinatolewa kwa mgonjwa, zinarekebishwa labo, zinarudishwa mwilini. Marekani bei yake ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Nani wa Katuba ataipata?

Kazi ngumu ni kuingia. Chembe ina ngozi yake, nayo haipitishi kitu kikubwa kama jeni. Casgevy inaifungua kwa mshtuko wa umeme. Tiba zingine zinabebesha jeni kwa virusi vilivyoondolewa nguvu ya kuleta ugonjwa. Watafiti wa Japani wamejaribu njia ingine: wimbi la laser.

Namna gani? Laser haipigi mwili. Inapiga mpira mweusi uliowekwa juu ya ngozi, kwa muda mfupi ajabu, sehemu za bilioni za sekunde. Mpira unalipuka kidogo kwa juu, mshindo unashuka chini. Wanaokaa karibu na mgodi wataelewa haraka: dinamiti ikilipuka, jiwe halifiki nyumbani, lakini madirisha yanatetemeka. Mshindo huo unalegeza ngozi ya chembe, jeni iliyodungwa mapema inapenya, kisha chembe inajifunga. Kwenye ngozi ya panya ilifaulu.

Lakini panya si mtoto. Dawa ya laser kwa SS haiko, na mtu akikuuzia, ujue ni pesa imepotea.

Chenye kiko ni haidroksiyurea. Utafiti wa REACH, uliofanywa Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale na kutangazwa 2019, ulionyesha watoto wanaoitumia wakipata krizi chache, malaria kidogo na damu ya kuongezewa mara chache. Vifo navyo vilipungua. Inatakiwa munganga apime damu kila mara.

Na wachumba wapime elektroforezi mbele ya ndoa. Wote wakiwa AS, kila mimba ina hatari moja juu ya ine ya kuleta SS.