KUNI ZINAWEZA KUTUPA UMEME

Wachoma mkaa hufunika kuni kwa udongo. Kwa nini? Wanataka hewa iingie kidogo. Kuni zikikosa hewa ya kutosha haziungui zote. Hutoa moshi mwingi. Moshi huo una gesi inayowaka, lakini hupotea bure.

Gesi hiyo yaweza kuendesha injini. Kuni hutiwa katika pipa la chuma lenye moto mkali chini. Gesi inayotoka hupozwa na kuchujwa, kisha huingia kwenye injini. Injini huzungusha jenereta, na umeme hupatikana. Wakati wa vita vya 1939-1945 petroli iliadimika huko Uswidi. Watu waliendesha magari kwa gesi ya kuni.

Kilo 1 hadi kilo 1 na nusu ya kuni kavu hutoa uniti 1 ya umeme. Huo huwasha taa 10 za wati 10 kwa saa 10. Lakini nguvu nyingi ya kuni hutoka kama joto. Tusilitupe. Joto hilo likaushe mahindi au lichemshe maji.

Kuni ziwe kavu. Kuni mbichi hutoa lami, nayo huharibu injini.

Hadhari! Gesi hii ina sumu isiyo na rangi wala harufu. Ni sumu ile ile ya jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Inaua. Mtambo ukae mahali pa wazi, chini ya fundi aliyefunzwa. Ukiumwa kichwa au ukiona kizunguzungu, ondoka upesi uende penye hewa safi.

Tena tupande miti. Bila miti hakuna kuni, na bila kuni mtambo ni chuma kitupu.