Unanunua gari la magurudumu manne? Tazama kwanza transfa

Kila msimu wa mauzo ya mazao, wasikilizaji wetu hutuuliza kuhusu magari. Kikundi kimechanga fedha, kinataka gari litakalofikisha mgonjwa hospitali hata wakati wa masika, na muuzaji anasema lake "lina fowili". Maneno hayo hayatoshi. Kinachoamua kama gari litatoka kwenye tope ni transfa, yaani gia boksi ndogo iliyo nyuma ya gia boksi kubwa. Ndiyo inayogawa nguvu ya injini kwa propela shafti mbili, ya mbele na ya nyuma.

Zipo transfa za kuweka na kutoa. Utazikuta kwenye Toyota Land Cruiser nyingi za familia ya 70, zile tunazoziita mkonga, na kwenye Land Rover za zamani za Series III. Mkono ukiwa kwenye 2H, gari linasukumwa na magurudumu ya nyuma pekee. Ukiweka 4H, shafti zote mbili hufungwa zizunguke sawasawa, kama ng'ombe wawili kwenye nira moja. Tatizo linakuja kwenye kona, kwa sababu magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope au mchanga, tairi huteleza kidogo na tofauti hiyo inaisha. Kwenye lami haina pa kutokea: usukani unakuwa mzito, tairi zinalika, na mkazo wote unabaki ndani ya transfa. Mara nyingi hata mkono hukataa kutoka. Usiulazimishe. Nyoosha usukani, rudi nyuma mita chache, mkazo utalegea.

Aina nyingine hupeleka nguvu magurudumu yote manne muda wote. Land Rover Defender inayo, na baadhi ya Land Cruiser za familia ya 80. Ndani yake kuna difu ya katikati, hivyo kila shafti hufuata mwendo wake na lami haina madhara. Ila difu hupeleka nguvu kule kwepesi. Gurudumu moja likining'inia kwenye korongo, litazunguka peke yake na gari zima litasimama. Dawa yake ni loki ya difu hiyo, nayo huwekwa kabla ya kuingia kwenye tope na kutolewa ukifika barabara ngumu. Tumewaona madereva wakisukumwa na kijiji kizima, kumbe loki ipo hapo karibu na mkono wa gia.

Aina zote mbili tulizotaja zina gia nzito, 4L. Hiyo haizuii tairi kuteleza. Inapunguza mwendo na kuongeza nguvu, kwa mkonga karibu mara mbili na nusu. Faida yake kubwa ni kwenye mteremko wa utelezi: injini inalishika gari, hukanyagi breki. Magari madogo kama RAV4 hayana 4L. Kwa barabara ya changarawe yanatosha, kwa korongo la masika hapana.

Sisi, kwa kijiji kilicho mbali na fundi, tungechukua ya kuweka na kutoa. Vipande vyake ni vichache. Lakini kama gari litakula lami kila siku mikononi mwa madereva tofauti, tungechukua ile ya muda wote, maana yupo atakayesahau mkono kwenye 4H mpaka mjini.

Kabla ya kulipa, inama uvunguni uhesabu shafti. Wapo wanaong'oa ya mbele baada ya kushindwa gharama za matengenezo, na maandishi ya 4WD yanabaki mlangoni. Tairi nne ziwe za saizi moja. Kama habu za mbele ni za kufunga kwa mkono, hakikisha zinazunguka, kwani zikiwa wazi 4H haifanyi kazi. Endesha kwenye ardhi laini ukiwa 4H, kisha 4L; gia ikiruka yenyewe, achana nalo. Mwisho, fundi afungue oili ya transfa, ambayo kwa kawaida ni tofauti na ya gia boksi. Ikitoka na vipande vya chuma, usilipe.