UMEME WA MAJI KUJAA NA KUPWA



Katika mkutano wa tawi ndugu mmoja alituuliza kama ni kweli kwamba umeme wa bahari hauchafui kitu chochote. Sisi watu wa maziwa hatuoni maji yakijaa na kupwa kila siku, lakini ndugu zetu wa pwani wanaijua nguvu ya bamvua.

Tuchukue mtambo wa Rance, huko Ufaransa, uliofunguliwa mwaka wa 1966. Una ukuta wa mita 750 unaokatiza mlango wa mto, na mashine 24, kila moja ya kilowati 10,000. Hauchomi makaa wala mafuta. Lakini ili wajenzi wafanye kazi pakavu, mlango ule ulizibwa tangu 1963 mpaka 1966. Maji ya bahari hayakuingia wala kutoka kama kawaida, na viumbe wa humo karibu wote wakafa. Ilipita yapata miaka kumi ndipo samaki wakakaa tena, na si aina zote zilizorudi. Matope nayo bado yanajikusanya nyuma ya ukuta.

Huko Sihwa, Korea Kusini, mambo yalikwenda kinyume. Ukuta ulikwisha jengwa 1994 kwa ajili ya maji ya kilimo, na uchafu wa viwanda ukaliharibu ziwa. Mitambo ya umeme ilipowekwa 2011, maji ya bahari yakapita tena na ziwa likapata nafuu.

Ziko pia mashine zisizotaka ukuta, zinazozungushwa na mkondo kama feni. Moja, SeaGen, iliwekwa 2008 katika ghuba ya Strangford Lough, Ireland ya Kaskazini. Miaka ya mwanzo ilizimwa kila sili alipoikaribia (sili ni mnyama wa bahari, mfikirie fisi maji mkubwa). Wataalamu waliipigia hesabu tangu kuyeyusha chuma hadi kuivunja, wakapata gramu 15 hivi za hewa ukaa kwa kila uniti ya umeme. Makaa ya mawe hutoa zaidi ya 800. Tofauti hiyo ni kubwa, na asije mtu akatudanganya kwamba ni mamoja.

Lakini gramu 15 zile sehemu kubwa inatoka kwenye chuma chenyewe, kabla mashine haijatoa hata uniti moja. Na hesabu ilidhani itafanya kazi miaka 20. SeaGen iliondolewa baharini 2019, haijatimiza miaka hiyo. Mashine ikifa mapema, chuma kile kinagawanywa kwa uniti chache, na gramu zinapanda.

Tena hesabu ile ilipima nishati na hewa ukaa tu. Moshi anaovuta mchomeaji haumo, wala hatari ya mpiga mbizi anayekata nguzo chini ya maji, wala mvuvi aliyepoteza samaki wake.

Matawi yenye maswali zaidi yayalete kwa katibu kabla ya mkutano ujao.